Nsajigwa Kibona, Aliyeacha Namba Ikipimwa

Nsajigwa Kibona alizaliwa tarehe 9 Juni 1978 katika milima ya Ileje, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Kibona na Mama Felista. Kaka yake mkubwa ni Isaka, yule aliyekaa kiti cha mbele.

Alisoma shule ya msingi kijijini, kisha sekondari Mbeya, akamaliza mwaka 1996. Huko alifundishwa namba tasa, ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Wenzake waliisahau baada ya mtihani. Yeye hakuisahau, na ukoo haukumsamehe.

Alifika Tunduma mwaka 1999, akajaza nyaraka za malori yanayovuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, hadi alipofungua duka la kuchapa na kutoa kopi mwaka 2012. Mwaka 2015 aliiunganisha kompyuta yake na za watu wa kujitolea duniani wanaotafuta namba tasa kubwa. Kila mmoja hupewa namba yake. Kompyuta huipima kwa wiki kadhaa, kisha hutuma jibu. Mshahara hakuna. Wengi mnaolia leo mlimwuliza inalipa nini, na aliposema hailipi, mkaeneza kwamba ni frimasoni. Frimasoni huyo amekufa na jozi mbili za viatu.

Hakupata namba tasa hata moja. Kila jibu lilikuwa kwamba inagawanyika. Aliridhika, alisema hakuna mtu atakayehangaika nayo tena.

Alifunga ndoa na Tumpale tarehe 20 Agosti 2016, wakajaliwa Fausta na Brayan. Fausta alipokuwa mchanga, baridi ya Julai ilipokaza, Tumpale alikausha nepi nyuma ya kompyuta, inapotokea hewa ya moto. Nsajigwa akasema atakayeuliza tena faida aonyeshwe nepi.

Alianza kuugua figo Novemba 2024. Alifariki hospitalini Mbeya tarehe 3 Mei 2025, baada ya kumsihi mkewe aiache namba ya mwisho imalizike. Tumpale aliahidi. Jibu lisipofika kabla ya mwezi huu kuisha, namba hiyo atapewa mtu mwingine aianze upya.

Siku ya pili ya msiba, Isaka aliikuta kompyuta ikiunguruma.

"Mashine inafanya kazi na mwenyewe amekufa," alisema mbele ya waombolezaji. "Hiyo si kompyuta, shemeji."

"Jokofu lako nalo hufanya kazi ukiwa umelala, shemeji," Tumpale alimjibu. "Umewahi kuliombea?"

Isaka akachomoa waya, akaibeba, akisema anaipeleka ikaombewe. Pepo inaonekana alitoka upesi, maana tangu jana inapiga muziki kwenye saluni yake, mtaa wa pili kutoka hapa.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, mama, dada yake Tulinagwe anayesoma wasifu huu, na huyo Isaka. Ni desturi yetu kutangaza makaburini kwamba anayemdai marehemu aje aonane na familia. Leo anayedai ni marehemu. Kazi yake imehifadhiwa ndani ya mashine. Ikiwashwa itaendelea ilipoishia, mradi asifute mtu kitu.

Wali na nyama vimeiva nyumbani. Vitapakuliwa kompyuta ikisharudi mezani kwa Tumpale. Wenye njaa mnajua pa kutazama.

Nsajigwa apumzike kwa amani. Isaka, wewe bado.