Dada Barafu na Damu ya Kuazima

Ndugu waombolezaji, kwa neema ya Mungu nasimama kwa niaba ya familia, na kwa kuwa shule yangu iliishia darasa la saba, nikikosea mambo ya maabara wenzake marehemu mlioko hapa mnisamehe.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, kifungua mimba wa fundi cherehani, akamaliza sekondari mwaka 1974, akapata cheti cha maabara 1977, na Januari 1978 akaajiriwa hospitali kuu, chumba cha mwisho kwenye korido, hadi alipostaafu mwaka 2017. Tarehe 9 Mei 1981 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi seremala, wakajaliwa watoto wawili. Jina la Dada Barafu alipewa na manesi, kwa kuwa hakuachana na ndoo yake ya barafu yenye chupa za damu, na shemeji alizoea kututania kwamba hata posa yake ilipokelewa baridi.

Alikuwa akipima kimeng'enya kilichomo ndani ya chembe nyeupe za damu, ambacho alinieleza kuwa ni kama mfagiaji, kazi yake kuvunjavunja kitu kiitwacho adenosini, asipofika kazini taka zinajaa, chembe zinakufa, mtoto anabaki bila kinga. Agosti 1996 binti yangu wa miezi mitano alikuwa anatutoka kwa vichomi visivyokoma, dada akampima, akasema mfagiaji yupo, tukamshukuru Mungu. Kesho yake nesi akamwambia kwamba mtoto aliongezewa damu kabla ya kipimo, naye akatambua kuwa alipima kazi ya mfagiaji wa mtu mwingine, maana yumo pia kwenye chembe nyekundu za damu ya kuongezewa, akaja wodini, mbele ya daktari na sisi wazazi akasema, "Nimekosea, sikuuliza, majibu yangu yafuteni." Akachukua damu upya, akazitenga chembe nyeupe peke yake, na safari hii mfagiaji hakuonekana. Ndipo mtoto akapandikizwa uboho wa kaka yake, na leo ndiye huyu aliyeshika shada, mwanawe mgongoni.

Tangu hapo hakupokea chupa bila kuuliza kama mgonjwa ameongezewa damu, hata tulipompelekea maziwa nyumbani tulimwahi kusema hayajaongezewa kitu.

Moyo ulianza kumsumbua Februari 2023, akaitwa na Mola wake asubuhi ya tarehe 3 Juni 2024. Tunawashukuru madaktari na manesi waliomuuguza, majirani waliokesha nasi, na wenzake wa maabara, ambao bado wanauliza lile swali lake.

Dada, itue ndoo yako, upumzike kwa amani.