Magoti, Kipa wa Timu ya Taifa

Ndugu zetu, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu, na nyinyi dada zangu wa timu mliokuja na jezi zenu, historia hii nimepewa kuisoma mimi wifi yake, kwa sababu kaka yangu, ambaye ndiye mume wa marehemu, amesema akisimama hapa mbele sauti itamkatikia kwenye mstari wa kwanza, na mimi, kama mnavyonifahamu, sauti sijawahi kupungukiwa, basi naomba mnisikilize, na nikikwama mnisubiri.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi mwaka 1974, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, baba yake akiwa fundi wa vigae na mama yake akiuza daftari na kalamu katika duka dogo la jirani na reli. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1981 hadi 1987, kisha sekondari hadi kidato cha nne mwaka 1991, ambako, kwa maneno ya dada yake mkubwa aliyeketi hapa mbele, alifaulu hisabati na kufeli kunyamaza. Alipomaliza shule alikuta baba yake anaumwa mgongo, akaenda kumsaidia kazini kwa muda, na huo muda ukawa miaka thelathini, kwa maana aliipenda ile kazi, alipenda kuingia katika chumba chenye sakafu ya vumbi na kutoka akiwa ameacha nyuma yake kitu kinachong'aa. Kwa kuwa vigae hupangwa mtu akiwa chini, alijitengenezea pedi kwa vipande vya tairi, akawa anazifunga magotini asubuhi na kuzifungua jioni, na msimamizi mmoja wa ujenzi akaanza kumwita Magoti, jina ambalo mama yake alilikataa kwa mwaka mzima, kisha siku moja akasikika mwenyewe akiita dirishani, "Magoti, chakula kinapoa!"

Mwezi Agosti mwaka 2000 alipata kazi ya kuweka vigae katika mabafu ya ukumbi wa michezo, na humo ukumbini ndimo tulimokuwa sisi, wanawake kumi na mmoja, msusi, muuguzi, karani, wanafunzi, tukijifunza florboli, mchezo wa magongo wa ndani ya ukumbi, wachezaji watano na kipa kila upande, wenye kimpira chepesi cha plastiki chenye matundu, ambacho kikipigwa na mtu anayejua, jicho hukisikia kabla ya kukiona, na msinicheke, aliyewahi kukaa mbele yake ananielewa. Kipa wa mchezo huu hana gongo, hulinda goli akiwa amepiga magoti, kwa mikono, kwa kifua na kwa uso uliofunikwa kofia yenye wavu wa chuma, na katika sisi wote hakuna aliyetaka kazi hiyo, kila mmoja alikuwa na udhuru wake, mimi wangu ulikuwa kwamba msusi akivunjika kidole atakula nini. Kocha wetu, ambaye tulimwita Mwalimu kwa sababu alifundisha mazoezi katika shule ya wasichana, alimwona marehemu mlangoni ana saruji hadi viwikoni, akamwambia, "Dada, hebu njoo utusimamie golini kidogo," naye akajibu, "Kusimama siwezi, Mwalimu, niko kazini toka asubuhi, lakini mkitaka wa kupiga magoti, mmempata." Tulimpiga mipira kwa zamu, tena kwa nguvu, tukitaka kumtisha mgeni, akaudaka wa tatu kwa mkono mtupu, akaugeuzageuza, akauliza, "Hiki ndicho kinachowakimbiza?" Tangu siku hiyo timu ya taifa ya wanawake, maana nchi nzima tulikuwa ni sisi tu, ikawa na kipa.

Kuhusu ndoa, marehemu alikutana na kaka yangu kupitia kwangu, ingawa shukrani zangu sijalipwa hadi leo. Kaka ni fundi cherehani, na timu haikuwa na suruali ya kipa, basi nikamwomba atushonee, aitie sponji ya godoro magotini na mapajani, akakubali. Alikuwa amemwona marehemu mara nyingi anapokuja kunichukua mazoezini, lakini kila mara ndani ya kofia, kwa hiyo alianza kumpenda mtu ambaye hajui pua yake ikoje. Alimpima Jumatatu, akampima Alhamisi, Jumatatu iliyofuata akarudi na futi shingoni akisema kiuno kinamchanganya, na marehemu akamwambia mbele yetu sote, "Fundi, kiuno ni kile kile, sema unachotaka." Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 8 Desemba 2001, wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 2003 na kijana aliyezaliwa mwaka 2006, na suruali ile, kwa taarifa yenu, ilikuwa imebana.

Ndugu waombolezaji, nchi yetu ilianza mashindano ya kimataifa kwa kufungwa, na hilo silifichi kwa sababu yeye hakulificha. Katika safari ya kwanza tulifungwa magoli ishirini na tatu kwa bila, katika safari ya pili kumi na tisa, na timu iliyotufunga hayo kumi na tisa ilikuwa ya wasichana walioanza kushika gongo kabla ya kushika kijiko. Kila goli lilipoingia marehemu aliutoa mpira wavuni, akaufuta kwa mkono wa jezi, akamrudishia mwamuzi kwa adabu kama mtu anayerudisha sahani ya jirani, kisha akarudi magotini mwake, na kwenye basi alikuwa wa kwanza kuuliza tunakula nini.

Sasa nifike mwaka 2009, ambao ndio mwaka mlionitaka niuseme. Tulikuwa tunakwenda kwenye mashindano ya kufuzu, tukagawanywa katika ndege mbili, ya kwanza ikafika, ya pili ikazuiwa na ukungu katika uwanja wa njiani, na asubuhi ya tarehe 5 Februari, siku ya mechi ya kwanza, tulikuwa watu sita na Mwalimu wetu. Kanuni inasema timu haiwezi kuanza mechi bila wachezaji watano na kipa mmoja, kwa hiyo tulikuwa tumetimia, lakini kutimia kwenyewe ni kwa namna ya kutisha, kwa kuwa katika florboli mchezaji hukimbia kwa dakika moja au pungufu, akatoka kupumua, mwingine akaingia, na wale tuliopangiwa nao, wale wale wa magoli kumi na tisa, walikuwa na watu ishirini. Waandaaji walisema tusipocheza tumejitoa, na timu yetu ikijitoa, huko nyumbani kulikuwa na wakubwa waliokuwa wakisubiri sababu tu ya kuifuta. Mwalimu alituuliza chumbani kama tunataka kuingia, tukatazamana, na tulipogeuka tukamkuta marehemu tayari ameshavaa suruali ya kaka yangu, anafunga pedi, akasema, "Mnangoja nini, mimi kuvaa kwangu ndiko kunakochelewesha."

Walitufunga goli moja kipindi cha kwanza. Kipindi cha pili yule mwanafunzi wetu mdogo kuliko wote alikimbia na mpira peke yake akafunga, nadhani alishangaa yeye kuliko kipa wao, halafu wakafunga la pili, na tulipoingia kipindi cha tatu tulikuwa nyuma kwa goli moja tu na hatuna miguu. Muuguzi alitapika kwenye ndoo nyuma ya benchi akarudi uwanjani, karani alikuwa analia huku anakimbia bila kujua kuwa analia, na mimi niliyekuwa beki wa kushoto niliona watu wawili kila nilipotazama mmoja. Mpira ulipotoka nje marehemu akaita kutoka golini, "Mwalimu, toa mmoja apumzike, akirudi toa mwingine." Mwalimu akasema, "Watabaki wanne, wewe, watakumaliza!" Akajibu, "Wanimalize mimi, lakini hawa wapumue kwanza, wataanguka." Yeye alikuwa hana wa kumpokea, na alilijua hilo wakati anasema.

Ndugu zangu, kwa miaka karibu tisa nilikuwa nimecheza mbele ya mwanamke huyu, na beki humpa kipa wake mgongo, humsikia akipiga kelele, "Kushoto! Kushoto, wifi, amka!" lakini hamwoni, kwa hiyo zamu yangu ya kukaa benchi ilipofika ndipo nilipomtazama kwa mara ya kwanza akifanya kazi, na naomba Mungu anisamehe, nilisahau kupumua, kitu ambacho ndicho nilichotolewa nje kukifanya. Walikuja watano kwa wanne, wakizungusha mpira mbele yake haraka kama watu wanaopepeta, na yeye alikuwa akisogea kwa magoti, kwenda na kurudi, mabega yamenyooka, hana pupa, kana kwamba ameshaambiwa mpira utapita wapi. Aliuzuia mmoja kwa bega na mwingine kwa koo, ule wa koo ulimlaza chali, na akiwa chali mshambuliaji mwingine akapiga kwenye goli tupu, sote tukaona mpira unaingia, na kutoka sakafuni ukainuka mguu mmoja peke yake, mguu tu, ukautoa. Ule ukumbi ulikuwa na watu wengi waliokuja kushangilia wenyeji, ndio hao wapinzani wetu, na kelele zao zilianza kupungua pole pole hadi nikasikia pedi zake zikikwaruza sakafu, nikatazama ng'ambo nikaona benchi lote la wapinzani wamesimama, wala hawashangilii, wametulia tu wanamtazama, na mmoja amejishika kichwa. Sijui kumweleza mtu ambaye hakuwepo. Nimesuka nywele za watu maisha yangu yote, najua kazi njema nikiiona, lakini ile haikuwa kazi njema tu, nilijisikia kama niliyeingia mahali ambapo natakiwa kuvua viatu.

Tulifungwa mawili kwa moja. Filimbi ilipolia sisi watano tulijimwaga chini, na kipa wao akavuka uwanja mzima, tukadhani anakuja kumpa mkono, akafika mbele ya marehemu akapiga magoti, akavua kofia, na kwa kuwa hawakuwa na lugha ya pamoja akaishika mikono yake akaigeuza, akaiangalia ile mikono ya saruji iliyopasuka pasuka, kisha wakacheka wote wawili kama watoto. Marehemu alipotaka kuinuka alishindwa, tukambeba, akalalamika njia nzima kwamba tunambeba kama kabati.

Wenzetu walifika usiku ule, na kesho yake nchi yetu ikashinda mechi yake ya kwanza ya kimataifa, manne kwa matatu, kipa akiwa wa akiba, na marehemu akiwa benchi na barafu kwenye kila goti, akipiga kelele hadi mwamuzi akamwonya. Watu walimwonea huruma kwamba ushindi umempita, lakini yeye akiulizwa mechi aliyoipenda kuliko zote alitaja hiyo, akasema, "Ile niliyokaa." Timu haikufutwa. Aliichezea hadi mwaka 2013, kisha akawa mkufunzi wa makipa jioni, huku mchana akiendelea na vigae, na wengi wenu hapa mnakanyaga kazi yake kila siku jikoni kwenu bila kukumbuka.

Mwaka 2021 alianza kukohoa, tukadhani ni mafua, na baada ya vipimo madaktari wakatuambia mapafu yamekakamaa, kwa vumbi la kukata vigae kwa miaka mingi, na kwamba wataweza kumpunguzia shida lakini hawataweza kuirudisha nyuma. Aliwasikiliza, akawauliza kama anaweza kukaa kwenye kiti na kurusha mpira, wakasema anaweza, basi akakaa kwenye korido ya nyumbani na mtungi wa oksijeni pembeni, akimrushia binti yake mpira ukutani, akimwambia, "Usiurukie, usubiri, utakuja tu," hadi yule binti akachaguliwa timu ya taifa.

Baadhi yenu mmeuliza, tena wengine kwa kunong'ona, kwa nini mtoto wake wa kwanza hayupo hapa, na familia imenituma nilijibu wazi. Binti yupo na timu kwenye mashindano ya kufuzu, kipa mwenzake amevunjika kidole, amebaki yeye peke yake. Jumapili iliyopita mchana alipiga simu, mimi ndiye niliyeishika sikioni kwa mama yake, nikasikia yote. Alisema, "Mama, nimeshaongea na kocha, narudi kesho." Marehemu akasema, "Urudi kufanya nini?" Binti akasema, "Kukuona." Akamjibu kwa kipande kipande, kwa kuwa pumzi ilikuwa haitoshi sentensi nzima, "Mimi nina watu wa kuniuguza, na nikifa nina watu wa kunizika, tena wengi. Golini kuna nani mwingine?" Yule mtoto akasema, "Mama, nitalia." Marehemu akasema, "Lia. Halafu vaa kofia, ndani ya kofia hakuna anayekuona." Nilipokata simu alinitazama akaniambia, "Wifi, asirudishwe," na mimi nikaahidi, na alfajiri ya Jumatatu tarehe 27 Januari, akiwa na umri wa miaka hamsini, kaka yangu akiwa amemshika mkono, alifariki dunia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, ambao hawakutudanganya hata siku moja, majirani mliotuletea maji na viti bila kuombwa, mafundi wenzake mliochimba kaburi kwa mikono yenu na kulitengeneza sawasawa kwa pima maji, jambo ambalo angeligundua, Mwalimu wetu aliyekuja kwa gongo lake la uzeeni, na timu zote, za zamani na za sasa. Marehemu ameacha mume, watoto wawili, dada mmoja na wadogo wawili, na wifi mmoja.

Mechi ni leo saa kumi alasiri. Tukirudi kutoka makaburini, kaka ameweka televisheni barazani, na anayetaka kukaa na sisi akae, kilio kitaendelea na mpira utaendelea, atakayeona vibaya tutamwelewa. Wifi yangu, Magoti wetu, umetuzoesha kukutazama kwa mshangao na hata leo hatujazoea. Lala sasa, jinyooshe, amani ya Mungu ikufunike, kelele tuachie sisi.