Mgomba Uliozikwa Badala Yangu

Nyumbani kwetu Izigo, ndani ya kibanja cha baba, shamba lake la migomba, kuna kaburi langu. Nimeliona kwa macho haya. Ndani yake upo mgomba uliokatwa, ukafungwa shuka, ukalazwa na kufukiwa, na watu wakalia. Kuna mama mmoja pale mbele anatabasamu. Cheka tu, mama, hata mimi siku hizi nacheka. Wakati ule sikucheka.

Mwenyekiti wa vijana wa kanisa letu aliponiomba niseme mbele yenu, nilimwambia nitasimulia jinsi mambo yalivyofuatana, na sitataja jina la mtu. Baadhi ya waliohusika tunasali nao.

Nilikuwa kidato cha nne. Niliishi hapa Hamugembe na shangazi yangu, dada yake baba. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, na shangazi ndiye aliyenilea. Alikuwa akipika chapati za kuuza asubuhi, na alikuwa hodari wa kuosha maiti. Kwenye msiba wa mwanamke mwenzake, yeye ndiye aliyeitwa. Siku moja akaitwa kijijini kwa rafiki yake aliyefariki kwa homa ya ghafla. Akaenda. Aliporudi nikafua kanga aliyoivaa kule, kwa mikono yangu, kama nilivyofua siku zote.

Siku chache baadaye akaanza kuumwa kichwa na viungo. Tukasema malaria. Zahanati nao wakasema malaria, wakampa dawa, akazitapika. Nilimshika kichwa, nikamfuta, nikala alichobakiza kwenye sahani kwa sababu hakupenda chakula kimwagwe. Kisha fizi zikaanza kutoa damu. Jirani yetu mmoja alikuwa amesikia redioni habari za ugonjwa ule wa kutoka damu, unaoambukiza kwa kugusana. Jina la ugonjwa mnalijua, sina haja ya kulitaja. Akapiga simu. Gari likaja na watu waliovaa nguo nyeupe kuanzia kichwani hadi miguuni. Shangazi akaniambia, "Funika unga, nitarudi."

Hakurudi. Alifia kwenye kambi ya matibabu, akazikwa na watu wale wale, mahali palipotengwa. Baba alikuja kutoka Izigo akaonyeshwa mahali hapo akiwa ng'ambo ya kamba. Ninyi mnajua, kwetu Wahaya mtu analazwa kibanjani, katikati ya migomba, karibu na wazee wake. Baba yangu si mtu wa maneno mengi. Siku ile alinipigia simu akasema, "Dada yangu amezikwa kama mtu asiye na kwao." Akakata.

Nami nilikuwa nimeshatengwa, napimwa joto kila siku. Halafu joto likapanda, nikapelekwa kambini.

Ugonjwa wenyewe sitausimulia sana, maana kuna siku sizikumbuki kabisa. Nakumbuka kiu. Nakumbuka muuguzi mmoja aliyeandika jina lake kwa kalamu nene kifuani mwa lile vazi, kwa sababu nyuso zao hatukuziona. Aliniambia, "Usiponijibu nitaanza kuimba, na sauti yangu ni mbaya." Sikujibu. Akaimba. Ilikuwa mbaya kweli.

Simu yangu ilichukuliwa ikachomwa pamoja na nguo zangu. Siku nilipozidiwa, kuna mtu wa mtaa wetu aliona maiti ikitolewa kambini, akadhani ni mimi. Akapiga simu Izigo. "Poleni. Na binti naye amekwenda."

Ndugu zangu, nawaambia, neno moja la mtu asiye na uhakika linaweza kuchimba kaburi. Baba akachukua jembe siku ile ile. Kaka yake, baba yangu mkubwa, akaja kumsaidia. Hayo niliyajua baadaye.

Nikapona. Yule muuguzi akapiga namba ya baba kwa simu yake, akaweka sauti kubwa ili nisikie. Aliyepokea alikuwa baba mkubwa.

"Nani?"

"Ni mimi."

"Wewe nani?"

Nikataja jina langu. Nikasikia kuku tu. Kisha simu ikakatika. Tukapiga tena, ikaita hadi mwisho.

Niliporudi Hamugembe, mama mwenye nyumba alikuja akasimama uani, mbali na mlango wangu. "Binti, sikufukuzi," akasema. "Lakini wapangaji wanataka kuhama. Na pia, kwenu walishakuzika. Hukuambiwa?"

"Walinizika vipi, nami niko hapa?"

"Walizika mgomba. Kwa jina lako. Watu walijaa, sufuria mbili za ndizi ziliisha."

Niliyasikia maneno yale kwa namna moja tu, kwamba baba alijua niko hai na bado akaamua nisiwepo. Nilikumbuka ile simu iliyokatwa na sikuona maana nyingine. Sikupiga tena. Baba naye namba aliyokuwa nayo ilikuwa ya ile simu iliyochomwa.

Kila mtu hapa ana lake la kukumbuka kuhusu kipindi kile, nami silaumu. Dukani niliambiwa nitumbukize hela kwenye beseni la maji ya dawa. Sawa, hiyo ilikuwa busara. Lakini mwenye bodaboda alinitazama akasema, "Dada, kofia ninayo moja, na mke ninaye mmoja," akaondoka. Shuleni nilipoingia darasani kijana mmoja akasema, "Simameni, marehemu amefika." Darasa zima likacheka, na walioniogopa wakacheka kwa nguvu zaidi. Dawati langu likabaki na mimi peke yangu.

Nikaacha kwenda shule. Nikawa nakaa chumbani, kitanda cha shangazi kikiwa kimechukuliwa, na kuta zikinuka dawa waliyopuliza. Nitawaambia jambo ambalo sijawahi kulisema hadharani. Nilifika mahali pa kuamini kwamba watu wa Izigo wamefanya sawa, na mimi ndiye niliyechelewa kwenda walikonipeleka. Kuna kijana hapa leo anayejua ninachosema. Usikae na wazo hilo peke yako. Mtafute mtu umwambie, hata mimi tukitoka hapa.

Yule muuguzi ndiye aliyenitoa huko. Alikuja kunitazama, akaniuliza kwa nini siko shule, nikamwambia yote. Hakunihubiria. Aliuliza, "Baba yako umemsikia kwa mdomo wake?" Nikasema hapana. Akapiga simu mara nyingi, hadi baba mwenyewe akapokea.

Baba alifika akiwa amevaa koti lake la kanisani. Alisimama mlangoni akanitazama miguu, kisha uso, kisha tena miguu.

Nikamwambia, "Baba, ulinizika."

"Sikukuzika wewe. Nilizika mgomba."

"Kwa jina langu."

"Ndiyo, kwa jina lako." Akaketi kwenye ndoo bila kukaribishwa. "Nilisikia umekufa. Nikachimba, ili wakija wale watu niwaambie kaburi liko tayari, mleteni nyumbani. Sikutaka ulale kule kwenye kamba, kama shangazi yako. Kisha muuguzi akapiga. Kaka yangu akasema ameongea na mzimu. Mimi nikasema ni mtoto wangu, yu hai. Sasa shimo liko wazi, lina jina lako. Ungetaka nifanyeje? Nilifukie tupu, libaki linakudai? Liachwe wazi linakusubiri? Nikakata mgomba, ule mzuri, wenye mkungu. Nikalipa."

Ninyi wa huku mnaelewa. Kwetu kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu. Wazee wanasema litatafuta mtu. Mimi nilikulia mjini, nilikuwa nimesikia habari hizo kwa mbali tu. Mgomba ule nilidhani ni wa kunitupa, kumbe ulikuwa wa kunikomboa. Simwambii mtu aamini kaburi linadai. Nasimulia alichokifanya baba.

"Mbona hukuja?" nikamuuliza.

"Kambini walinizuia. Baadaye nikapiga simu yako, haipatikani. Namba ya muuguzi kaka yangu alishaifuta. Baba yako mkubwa akaniambia, kama yu hai mbona hapigi?"

Kila mmoja alikuwa akimsubiri mwenzake.

Tulikwenda Izigo kwa pikipiki ya mtu aliyekubali. Kwenye njia ya kuingilia nyumbani baba mkubwa alikuwa amesimama, na nyuma yake ukoo.

"Huyu tumeshamlilia," akasema. "Aliyeliliwa hapiti njia hii."

"Sawa," baba akasema. "Basi nililieni na mimi." Akanishika mkono tukapita.

Ndizi zilikuwa zimeiva, zimemwagwa kwenye jani kama kawaida yetu. Watu wakakaa, lakini hakuna aliyenyoosha mkono baada ya mimi kugusa. Nilimega tonge, nikashindwa kulipeleka mdomoni kwa vile walivyonitazama. Nikalirudisha kwenye jani. Baba akalichukua tonge lile lile, akalichovya kwenye maharage, akala. Akatafuna polepole. Kisha akasema, "Chumvi kidogo." Bibi yangu mmoja, mama yake mdogo baba, akasema, "Chumvi iko sawa, wewe ndiye mzee," akasogea jirani yangu akaanza kula. Wengine wakafuata, mmoja mmoja.

Hapo ndipo niliporudi. Si siku nilipotoka kambini.

Mwaka uliofuata nilirudia kidato cha nne, nikafaulu. Leo nafundisha watoto wadogo hapa mjini, na wananiegemea magotini bila kujua lolote.

Namshukuru Mungu. Namshukuru muuguzi yule, ambaye uso wake niliuona mara ya kwanza alipokuja chumbani kwangu. Namshukuru bibi aliyeitetea chumvi. Namshukuru baba, aliye Izigo, ambaye angechukia kusikia namtaja kanisani. Na shangazi, ambaye kosa lake lilikuwa kutokataa alipoitwa.

Ninalowaomba ni dogo. Maiti ya ugonjwa usioujua, usiiguse, waite wahusika, hata kama ndugu watakununia. Lakini mtu aliyepona, akishaambiwa yuko salama, mguse. Usimtumie salamu kutoka uani. Na ukisikia habari mbaya ya mtu, mtafute mwenyewe kabla ya kuipeleka mbele.

Baba mkubwa sasa anaumwa miguu, hatoki nje sana. Nikienda Izigo nampikia. Jumapili iliyopita nilimpelekea ndizi na samaki, nikabisha. Alijua ni mimi. Akasema, "Weka hapo mlangoni, mwanangu."

Aliniita mwanangu. Nikaweka, nikaondoka. Sijui kama alikula.