Unga wa Bakteria Niliouita Vumbi

Bwana asifiwe, bandugu. Bamama ba kule nyuma, sijasikia sauti yenu. Bwana asifiwe! Haya, sasa najua iko bantu mu nyumba.

Viongozi ba kikundi yetu ya balimaji bamenipa dakika kumi. Munanijua, mi sijawahi kumaliza hata salamu mu dakika kumi, munivumilie. Leo sikuja kujisifu. Nimekuja kusema vile nilianguka, na vile nilimuangusha mutu mwingine pamoja na mi, mutu ambaye hakuwa na kosa. Jina yake sitataja. Wengi wenu munamujua.

Mi ni mutoto wa Bukavu. Kule nilikuwa nasafisha ku maternite, pale bamama banazalia. Asubuhi, kitu ya kwanza ni javeli, ile dawa ya kuua mikrobe, yenye kunuka mpaka macho inatoa machozi. Sakafu, vitanda, beseni, yote javeli. Bamasista balikuwa banasema mutu anaweza kula chakula ku sakafu yangu, na mi nilikuwa nakubali, juu ilikuwa kweli. Hata hapa mu kambi ya Dzaleka, wakati ya kolera, mi njo nilikuwa nazunguka ku mabomba kufundisha bamama kuosha mikono. Kwangu mikrobe yote ilikuwa adui. Sikujua kama iko ya namna ingine.

Mbele ya serikali kuturudisha hapa kambini, nilikuwa na meza ya nyanya mu soko ya Chilinde, kule Lilongwe. Niliuza nyanya ya bantu bengine miaka mingi. Tuliporudishwa, na batoto banne na baba yao mwenye mugongo mubaya, nikajiambia: kama nimeuza nyanya yote ile, kulima ndio itanishinda? Bandugu, nabaambia, ilinishinda.

Agogo mumoja, mama muzee Mumalawi wa kijiji ya hapa nyuma, alinikodisha kipande ya shamba chini karibu na dambo, pale udongo inashika maji. Shamba ile njo ilikuwa sahani ya batoto bangu. Mugao ya chakula tunapata hapa, munajua vile inakwisha mbele ya mwezi kwisha.

Musimu ya kwanza nyanya ilisimama vizuri, ikatoa maua. Siku moja saa sita, muche mumoja ukalala. Majani yake ilikuwa kijani, haina doa, haina mududu. Jioni ukaamka, nikashukuru. Kesho yake ukalala tena, na hiyo siku haukuamka. Kiisha muche wa pembeni yake, kiisha musitari muzima. Niliongeza maji, ikazidi kufa. Musimu ya pili ikawa vilevile.

Sasa mi mutu wa maternite nikaleta akili yangu. Kila shimo muche umefia, nikamwaga javeli. Munacheka? Chekeni tu. Mi nilikuwa naosha udongo kama sakafu.

Agogo alikuja, akatazama, akasema na Chichewa yake ya polepole, "Mama, nakupa mara moja tena. Ikikufa, napanda chimanga yangu." Njo mahindi. Sikumukasirikia. Hata yeye iko na bajukuu ba kulisha. Lakini usingizi ilinitoka.

Njo pale akaja yule ndugu. Ni Murundi, mutu mupole, anaongea kama mwenye kuogopa kuamusha mutoto. Alikuwa ameenda kujifunza kwa mwalimu moja wa kilimo kule Lilongwe, na alikuja mu kikundi yetu, mu nyumba hii hii, na mufuko ya unga ya rangi ya majivu. Munakumbuka. Alikata shina ya nyanya yangu yenye imelala, akaitia mu gilasi ya maji. Tukaona uzi mweupe kama maziwa inatoka ku shina, inashuka polepole. Akasema, "Ile njo ugonjwa. Ni bakteria, inakaa mu udongo, inaingia ku mizizi, inaziba njia ya maji. Na hii unga pia ni bakteria, lakini ya muzuri. Inakaa ku mizizi, inakula pale, inazaana pale, na ile mubaya ikifika inakosa pa kushika. Haiponyeshi muche wenye umeshapata ugonjwa. Inapaswa kutangulia."

Mi nikamuuliza, "Ndugu, unataka nipande mikrobe mu shamba?"

Akasema, "Ndiyo, mama."

Bantu bakacheka. Mi sikucheka, nilisikia vibaya. Lakini shamba ilikuwa inaniponyoka, nikachukua. Alinielekeza muzuri: maji ya kisima, jioni jua ikipungua, chovya mizizi mbele ya kupanda, kiisha mwagia ku shina. Na akasema mara mbili, nakumbuka mara mbili, "Usiweke kitu ingine yoyote mu maji ile."

Nilifika ku shamba, nikatazama maji ya kisima. Iko na vumbi, iko na kajani kanaelea. Nikajiambia, huyu Murundi hajawahi kufanya kazi ku maternite. Nikaosha pipa na javeli. Kiisha nikatia javeli ingine mu maji yenyewe, kifuniko moja, mbili, tatu, juu mi mutu wa usafi. Kiisha njo nikatia unga yake.

Kiburi, bandugu. Sina jina ingine ya kuipa.

Miche ile nilipanda, ikalala yote vile ilikuwa inalala. Na mi sikujiuliza hata dakika moja. Nilikuja hapa siku ya mukutano, nikasimama pale karibu na dirisha, nikasema mbele yenu: huyu mutu ni mwongo, ametuletea vumbi ya barabara mu mufuko, anacheza na njaa ya batoto betu. Nilisema na sauti yangu ile munaijua. Yeye alifunga mufuko yake, akachukua kofia, akatoka. Na ninyi mukakataa unga yake, juu ya maneno yangu. Tangu siku ile hajakanyaga hapa.

Nilibaki na miche kidogo ku kitalu, ya kutosha misitari mitatu tu. Agogo akapita, akaona yenye imekufa. Akanionyesha kitalu na kidole. "Hiyo njo ya mwisho," akasema. Mi nikarudi nyumbani nikalia. Nilikuwa nasikia haya na hasira pamoja, na sikujua ni nani nimukasirikie.

Mume wangu, vile amelala na mugongo yake, akaniuliza, "Ulifanya vile alikuambia?"

Nikasema nilifanya. Lakini mi mwenyewe nilisikia vile neno ile haikutoka vizuri mu kinywa.

Kesho yake nikavuka kambi mpaka kwa yule Murundi. Nikamukuta anasuka kapu. Sikuomba musamaha, nabaambia kweli. Nilisema tu, "Miche ya mwisho iko ku kitalu. Agogo anachukua shamba." Yeye akaweka kapu chini, akasema, "Twende, mama. Unionyeshe vile ulifanya. Yote, usiache kitu."

Tukaenda. Nikachota maji ya kisima. Nikatoa chupa yangu mu kikapu, nikaanza kufungua.

"Hiyo ni nini?"

"Javeli."

"Hata siku ile uliweka?"

"Niliweka. Maji ilikuwa chafu."

Akakaa chini, pale pale mu udongo. Sikujua kama analia ao anacheka. Kiisha akaniuliza polepole, "Mama, we unapikaka mandazi?"

"Napika."

"Ukitia hamira mu maji yenye inachemuka, unga itavimba?"

Bandugu, njo pale nilielewa. Hamira inakuwa hai, kila mama wa hapa anajua, ukiichoma umepoteza unga yako. Na mi nilichukua bakteria yake yenye uzima, nikaitia mu dawa ya kuua, kiisha nikamwita mwenye kuleta mwongo. Na hata mbele ya pale, javeli yote nilimwaga mu yale mashimo, iliua hata kamikrobe kazuri kenye kalikuwa kanaishi mule. Nilipiga magoti. Nikasema, "Baba, unisamehe." Akaniinua, akasema, "Inuka, jua inapungua, ni saa ya kupanda."

Tukang'oa miche yote yenye ugonjwa, tukachoma mbali. Tukaacha pale chini, tukahamia pa juu, pale sikukuwa nimelima bado, tukatia mbolea ya mbuzi yenye imeoza vizuri. Nikaosha pipa na maji matupu mara nyingi, mpaka harufu ikatoka. Jioni tukatia unga yake mu maji ya kisima, tukachovya mizizi. Kiisha juma mbili kupita, nikamwagia tena. Kila siku saa sita nilikuwa naenda kutazama.

Sitabadanganya. Iko miche ilikufa. Lakini misitari ilisimama. Agogo alikuja nyanya ikiwa nyekundu, akashika moja, akainusa, akasema, "Chimanga nitapanda kwingine." Na mama mumoja wa Chilinde, muteja wa zamani wa meza yangu, alikuja na gari mpaka hapa kubeba madengu, vikapu ya nyanya. Batoto bangu banakula. Pale chini nimepanda mahindi, udongo ipumzike, na mwaka huu nalima tena. Sirudi nyuma.

Kwa hiyo namushukuru agogo kwa subira yake, namushukuru mume wangu kwa swali yake moja. Na musiende kusema mama amekataza javeli. Mikono muoshe, vyoo muoshe! Lakini mu udongo muache uzima ufanye kazi, na mutu akibaambia usiongeze kitu, musiongeze. Na mbele ya kumwita mutu mwongo, utazame kwanza mikono yako ilifanya nini.

Bado kitu moja. Yule ndugu alinisaidia ku shamba, lakini ku kikundi alikataa kurudi. Aliniambia, "Kule bananitazama kama mwizi." Leo nimemubembeleza, amekuja mpaka pale nje, amesimama ku ukuta na mufuko yake. Hataki kuingia.

Baba, unanisikia. Unga yako ilikuwa ya kweli. Mwongo alikuwa mi, na nilisema uongo mbele ya bantu hawa, njo maana narudisha mbele yao. Ingia, baba. Kama nyumba hii haitutoshi sisi wawili, mi njo nitatoka.