Mzee Povu: Mwenye Kiwanda Aliyetia Saini

Marehemu tunayemzika leo, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mzee Povu na wachache mlimwita Mwenyekiti, alizaliwa tarehe 9 Machi 1952 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Baba yake alikuwa fundi wa mabehewa. Mama yake alifua nguo za watu. Alikuwa kifungua mimba, na kati ya wote waliozaliwa nyuma yake amebaki mmoja tu, mdogo wake wa kike, ambaye ndiye anayesoma maneno haya. Tangu akiwa mdogo alisomba maji na kusugua kola za mashati, na kila jioni aliiona mikono ya mama yake ilivyochubuliwa na sabuni mbaya. Hilo halikumtoka moyoni.

Alisoma shule ya msingi ya watoto wa reli, akamaliza mwaka 1966, kisha akaenda sekondari ya kutwa hadi kidato cha nne mwaka 1970. Hesabu zilimsumbua, kuimba kulimshinda kabisa, lakini kemia ilimkamata. Siku moja mwalimu alimfumania maabara akipika sabuni ya mafuta na kostiki kwenye sufuria aliyoiba jikoni kwao, chumba kizima kimejaa moshi. Alichapwa viboko vya haja. Alipomaliza kuchapwa, mwalimu akamwuliza kwa sauti ya chini, "Imeganda?"

"Imeganda, mwalimu."

"Basi nikatie kipande."

Alianza kazi kwenye kinu cha kukamua mafuta, na mwaka 1978 akaacha na kuanza kupika sabuni yake mwenyewe kwenye pipa uani. Aliiuza sokoni, miche ya njano isiyo na jina wala karatasi, na watu walipita bila kugeuka. Ndipo akaja fundi gereji aliyevaa shati jeusi kwa oili, akacheka, akasema sabuni ile haiwezi kutoa hata vumbi. "Livue," marehemu akamwambia. Akalifua pale pale, akalianika juu ya meza, na fundi wa watu akakaa kifua wazi mpaka likakauka, huku soko zima limejaa kumtazama. Shati lilitoka jeupe. Jina la Povu lilizaliwa siku ile, na mwaka 1989 lilikuwa limeandikwa juu ya geti la kiwanda.

Mke wake alimpata kwa ugomvi. Alikuwa muuguzi, akaja kumlalamikia. "Sabuni yako inanichuna vidole. Wewe mwenyewe unaiogea?" Marehemu akaenda kuipunguza ukali, akampelekea kipande. Bado. Akapeleka kingine, na kingine. Baadaye sabuni ikawa nzuri kabisa, na bado alikuwa akipeleka, mpaka mama mkwe akamwuliza kama nyumba ile ina nguo nyingi kiasi hicho. Walifunga ndoa tarehe 17 Aprili 1982, wakajaliwa mtoto wa kiume, ambaye ni mhandisi, na binti, aliyekuwa mtangazaji wa redio.

Hapa familia ingeweza kuishia kwa kusema alikuwa mpenda maendeleo, mkarimu, mtu wa watu. Ni kweli alikuwa hivyo. Lakini akiwa kitandani alimkataza mdogo wake. "Usinipambe," alisema. "Waambie nilichofanya, waliokuwepo wakisikia."

Mwaka 2009 alichaguliwa mwenyekiti wa chama cha wenye viwanda na wafanyabiashara. Mwezi Juni 2013 serikali ilitangaza kwamba uchaguzi umeahirishwa mpaka hali itulie, wakati hali ilikuwa imetulia tuli. Watu waliingia barabarani. Binti yake alisoma habari hizo redioni, na kesho yake redio ikafungwa. Asubuhi iliyofuata alimkuta baba yake mezani akinywa chai.

"Baba, sisi tukisema tunapigwa. Nyinyi mkisema watasikiliza, maana kodi ni yenu. Semeni neno moja tu."

"Mwanangu, nina watu mia nne pale kiwandani. Nikigombana na wakubwa, watakula nini?"

"Na wao wana kura zao, baba. Umewauliza?"

Alimaliza chai yake, akaenda kwenye kikao cha chama.

Kikao kilifanyika ghorofa ya juu ya hoteli, chumba chenye kipoza hewa na zulia nene. Tamko la kuitaka serikali irudishe tarehe ya uchaguzi lilikuwa limeshaandikwa, na marehemu ndiye aliyeliandika. Lakini kabla hajalisoma, mwenye benki aliomba nafasi. Akasema ameongea na wizara, kwamba kuna unafuu wa ushuru unakuja: mafuta ya mawese, saruji, vipuri. Unafuu huo ungetegemea mazingira. "Biashara inataka utulivu," alisema. "Uchaguzi ni kelele." Mwenye malori akaongeza kwamba malori yake hayajawahi kupiga kura na yanatembea vizuri tu. Watu wakacheka. Marehemu naye alicheka. Alilisema hilo mwenyewe, na akataka lisemwe.

Kisha wakapiga kura. Walinyoosha mikono, wakahesabiwa kwa haki, walioshindwa wakakubali matokeo, na hivyo ndivyo walivyoamua kwamba wananchi wanaweza kungoja kupiga ya kwao. Marehemu alikunja tamko lake akalitia mfukoni. Akatia saini tangazo jingine, lililotoka katika magazeti yote, ukurasa mzima, likiipongeza serikali kwa busara na kuwaomba wananchi waliangalie jambo hili kwa utulivu.

Wiki ile ile binti yake alivunjwa mkono kwenye maandamano, akatupwa mahabusu. Marehemu alipiga simu moja, akatolewa. Njiani kwenye gari akamwambia, "Unaona? Kuna faida ya kuelewana na watu." Binti akamwuliza, "Na wale niliokamatwa nao, wao baba zao wampigie nani?" Kabla mwaka haujaisha alivuka mpaka. Hawakuonana tena.

Unafuu ulikuja kama ulivyoahidiwa. Kiwanda kiliongeza mitambo, kikajengewa jengo jipya. Yale magazeti yaliyochapisha tangazo yalifungwa moja baada ya jingine, majaji waliokuwa wakisumbua wakastaafishwa, na bunge likabaki la kupiga makofi. Marehemu aliona yote hayo. Alikuwa akisema mezani kwamba ni mambo ya kupita.

Mwaka 2017 shemeji wa mkubwa mmoja alikuja kiwandani na viatu vyake vya kung'aa, akatembezwa, akanusa sabuni, akasema ameipenda. Akataka nusu ya hisa, bure, kwa ajili ya ulinzi. Marehemu, ambaye kwa miaka minne alikuwa hajasema hapana kwa mtu yeyote wa serikali, siku hiyo aliisema. Haukupita mwezi, maofisa wa kodi walikuja na makufuli. Alitafuta gazeti la kumwandikia habari yake, hakulipata. Alikwenda mahakamani, akamkuta jaji mpya. Mwisho akaenda kwenye chama, ambako mwenyekiti sasa alikuwa mwenye malori. Alisikilizwa kwa heshima zote, akaletewa chai.

"Mzee wetu, tunakuelewa," mwenyekiti akamwambia. "Ila kwa sasa tuliangalie jambo hili kwa utulivu."

Alirudi nyumbani, akakaa kwenye ngazi za mlango bila kuvua viatu. Mke wake akamwuliza wamesemaje. "Wamenijibu kwa maneno yangu mwenyewe," alisema.

Tarehe 6 Februari 2018 alikamatwa kwa kosa la uhujumu uchumi, lisilo na dhamana. Kila alipofikishwa mahakamani aliambiwa upelelezi haujakamilika. Moyo wake, uliokuwa umeshaanza kupanuka, haukuvumilia sakafu ya mahabusu. Miguu ilivimba, pumzi ikawa ya kukatika. Mke wake, muuguzi wa miaka yote ile, aliruhusiwa kumwona kupitia wavu, akawa anapima mapigo yake kwa kutazama shingo. Alipohamishiwa hospitali alifungwa pingu kitandani. Kijana mmoja aliyewahi kupakia maboksi kiwandani alimletea uji kila alipopata nafasi. Marehemu alimwuliza, "Ule mwaka, ningekuuliza, ungesemaje?" Kijana alisema angependa kupiga kura. Aliyasema haya bila hasira, na hilo ndilo lililomliza mzee.

Alifariki tarehe 22 Agosti 2019, saa kumi alasiri, akiwa na umri wa miaka sitini na saba. Hati ya kumfutia mashitaka ililetwa baada ya mwili kwenda mochwari.

Waheshimiwa wa chama wapo hapa leo, na shada lao ndilo kubwa kuliko yote. Mjane amesema hakuna atakayefukuzwa kwenye mazishi ya mume wake, kwa hiyo wamepewa viti vya mbele. Wakae. Kiwanda bado kina kufuli, na leo tumeambiwa kuna mwingine kati yao aliyetembelewa na mtu wa viatu vya kung'aa.

Marehemu ameacha mjane, mtoto wa kiume na mke wake, wajukuu watatu, mdogo wake wa kike, na wafanyakazi mia nne wasio na kazi, ambao wamekuja kwa miguu na wamesimama nyuma. Ameacha pia binti, ambaye hawezi kuingia nchini, na anatusikia kwa simu iliyo mkononi mwa kaka yake.

Mwenyezi Mungu amsamehe, ampumzishe kwa amani. Sisi tuliobaki hatuombi amani kwa sasa. Tunaomba uchaguzi.