Mama Perlita na Wanafunzi Waliowaogopa Waandishi

Tarehe 30 Mei, Bi Perlita Sumagaysay anastaafu baada ya kuitumikia maktaba ya chuo chetu hapa Iloilo, Ufilipino, kwa miaka thelathini na mmoja. Alianzia mezani pa kuazimisha vitabu, akaishia kuwa mkuu wa kitengo cha marejeo. Wanafunzi walimwita Mama Perlita, na walimwogopa kwa jambo moja tu: biskuti. Alizinyang'anya mlangoni, kisha jioni akazila pamoja na mwenye biskuti, nje, huku akimuuliza anasoma nini.

Kazi iliyomletea wageni wengi ni ile orodha ya marejeo yenye maelezo ambayo wahadhiri huwapa wanafunzi waiandike. Kila kitabu kinataka aya yake: kinadai nini, kinaaminika kiasi gani, kitakusaidiaje. Wengi hawakisomi, hunakili tu maneno ya jalada la nyuma.

Miaka kadhaa iliyopita Rogelyn Tupas, mwanafunzi wa uvuvi, alifanya hivyo. Dk. Palmares, mhadhiri wake, alimrudishia kazi yote na kumwonya kwamba asipoiandika upya kufikia Ijumaa, haendi mafunzo ya vitendo. Nyumbani kwao Dumangas wanafuga samaki aina ya mwatiko kwenye mabwawa, na baba yake alishaanza kuugua mgongo. Kuchelewa mwaka mzima kungekatisha masomo yake. Alifika maktaba macho yamevimba.

“Hiki kitabu kinasema nini, binti?” Mama Perlita alimuuliza.

“Kinazungumzia samaki, Mama.”

“Hata gazeti la kufungia samaki linazungumzia samaki! Kaa hapa, soma.”

Akasoma. Mchana wa pili Mama Perlita akamkuta amenuna juu ya ukurasa.

“Nini tena?”

“Huyu mwandishi anasema maji ya bwawa yaishie magotini mwaka mzima. Hata Aprili hii yetu ya jua kali? Atapika supu huyo, hatafuga!”

“Basi andika.”

“Nimbishie mtu wa kitabu?”

“Mbishie kwa adabu. Kisha mwambie kwa nini.”

Rogelyn aliandika kazi yote upya, akaikabidhi Ijumaa asubuhi. Jumatatu Dk. Palmares aliingia maktaba amekunja uso, karatasi za Rogelyn mkononi. Rogelyn alijificha nyuma ya rafu. Mhadhiri akaomba kitabu kile, akasoma kwa kusimama, kisha akacheka mpaka miwani ikamshuka.

“Tupas ana haki kumbishia! Yuko wapi? Mwambieni afungashe, anaenda mafunzoni.”

Rogelyn alitoka akilia na kucheka kwa pamoja. Mama Perlita, ambaye hakuwa amegusa chakula tangu asubuhi, alimshika mkono wakaenda mtaa wa La Paz kula bakuli la batchoy, supu ya tambi, kila mmoja, na jingine juu yake.

Leo Rogelyn ndiye anayesimamia mabwawa ya kwao, na wadogo zake wawili wanasoma hapa.

Mama Perlita anasema kinachomfurahisha ni kwamba sasa atasoma kitabu bila kutazama kama kimegongwa muhuri. Mama, ahsante kwa kutukalisha chini tukasoma. Nenda ukapumzike kwa raha, afya iwe nawe, na biskuti ule sebuleni kwako, mchana kweupe, bila kumnyang'anya mtu.