Ruta Isikae Uchi

Kwenye bajaji ya Mjimwema, mama aliyepakata boksi la ruta mpya ya intaneti alimlalamikia kijana aliyeketi kati yetu. "Faiba nimefungiwa ya kasi kabisa, lakini mjukuu wangu kwenye simu ya video anaganda kama sanamu ya kanisani."

"Ruta ya zamani haiimudu kasi hiyo, mama. Na uliiweka wapi?"

"Kabatini, na vikombe vya harusi. Nikaifunika kitambaa, nikafunga kwa ufunguo."

"Basi hii mpya iache wazi!"

"Kitu cha thamani kikae uchi mbele ya wageni?"

Kijana alinitazama nimsaidie. Mimi hata redio naifunika, hivyo nikatazama barabara.

Bajaji ikasimama. Mama akashuka, akatoa mkobani visoksi vitatu vya uzi mwekundu. "Antena ziko nne," akasema. "Nimebakiza kimoja kufuma."